Sindano ya kuua nywele: Nani kasema ni lazima uumie?

WAHENGA walisema ukitaka uzuri sharti udhurike. Msemo huu umeandikwa kwenye leso, umo midomoni mwa wasusi, na siku moja niliambiwa mimi mwenyewe nikiwa nimelala chali kwenye kitanda cha saluni moja ya hapa jijini, taa kali ikinimulika usoni na machozi yakinitiririka hadi masikioni.

Nilikuwa nimekwenda kuondolewa nywele za kidevu kwa elektrolisisi. Kwa wasioijua, hii ni njia ambapo sindano nyembamba mno hupenyezwa kwenye kinyweleo, yaani kile kitundu ambamo unywele huota, kisha umeme kidogo hupitishwa ili kuliua shina. Baada ya dakika kumi hivi nilimwambia binti aliyekuwa akinihudumia kwamba naumia mno. Akacheka kwa upole, akasema: “Vumilia, mama. Si unataka kupendeza?” Halafu akanitupia msemo ule wa leso.

Nikavumilia dakika 40. Wiki chache baadaye nywele nyingi zilikuwa zimerudi, na katikati yake palikuwa na madoa meusi mfano wa mbegu za papai ambayo yalichukua miezi mingi kufifia. Nilikuwa nimelipa, nimelia, na kidevu changu kilikuwa kibaya kuliko siku niliyoingia.

Hiyo ndiyo sababu nimeshika kalamu leo, msomaji. Nataka tulijadili neno hilo moja, “vumilia”, ambalo limewagharimu wanawake wengi fedha na ngozi zao. Sitakudanganya kwamba sindano hii haiumi. Inauma. Lakini kuna maumivu ya kawaida, na kuna maumivu ambayo ni kengele ya hatari. Mteja anayefundishwa kuvumilia yote kwa pamoja hawezi kuisikia kengele ikilia.

Pengine utasema haya ni mambo ya mabibi wenye fedha wasio na kazi ya kufanya. La hasha. Madaktari hukadiria kwamba kati ya kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 5 hadi 10 huota nywele nene usoni, kifuani au tumboni kama za wanaume. Huyo ni mwalimu wa mtoto wako, ni karani wa benki, ni mama muuza mboga anayejifunga leso hadi kidevuni hata jua likiwaka. Wengi wao hawajapata kumwambia mtu yeyote. Huamka kabla ya waume zao, wakajifungia bafuni na wembe. Mtu wa namna hiyo anapopata ujasiri wa kwenda kulala kwenye kitanda cha saluni, amekwisha kujionea haya kiasi cha kutosha. Hatathubutu kusema “simamisha, naumia.” Atauma meno.

Wapo pia wanaume, hasa wale ambao shingo zao huota vipele kila wanyoapo kwa sababu nywele zilizojisokota hujichoma zenyewe na kurudi ndani ya ngozi. Nao wakilala pale huona aibu maradufu, kwani nani amesikia mwanamume akilia kwa sababu ya ndevu?

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba njia hii haikuanzia saluni. Ilianzia kwa daktari wa macho. Mwaka wa 1875, Dkt Charles Michel wa mji wa St. Louis, Marekani, alichapisha maelezo ya jinsi alivyotumia sindano yenye umeme kuziua kope zilizopinda na kukwaruza mboni ya jicho. Maradhi ya kope kupinda hivyo tunayajua vizuri sisi hapa Kenya. Yamewapofusha watu wa Turkana, Narok na Baringo kwa sababu ya trakoma. Nalitaja hili ili ujue kwamba sindano hii ni tiba. Na kwenye tiba hakuna daktari mwenye akili timamu amwambiaye mgonjwa kwamba maumivu ni sehemu ya kupendeza.

Sasa tuangalie maumivu yenyewe yanatoka wapi, maana huwezi kupambana na usichokijua.

Kuna namna tatu za kufanya kazi hii. Ya kwanza, iliyo kongwe, hutumia umeme wa aina ya ule wa betri. Umeme huo ukikutana na chumvi na maji yaliyomo kwenye kinyweleo huzalisha magadi makali, ya jamii ile inayotumiwa kutengeneza sabuni, nayo ndiyo hulila shina. Kazi hii ni ya polepole. Unywele mmoja waweza kuchukua nusu dakika au zaidi, na unachosikia ni mwasho unaopanda taratibu, kama pilipili iliyogusa kidonda. Namna ya pili hutumia mawimbi ya umeme ya kasi kubwa ambayo hutia joto sehemu ya ngozi iliyo karibu na ncha ya sindano. Hii humalizika kwa sekunde chache au chini ya moja, na maumivu yake ni kama ya siafu: makali, kisha yamekwisha. Ya tatu huchanganya hizo mbili.

Hapa ndipo penye jambo linalotuhusu sisi Waafrika hasa. Nywele zetu hujisokota, na hazianzi kujisokota zikishatoka nje. Kinyweleo chenyewe kimepinda chini ya ngozi, ilhali sindano imenyooka. Fundi asiye makini huisukuma sindano moja kwa moja, ikatoboa ukuta wa kinyweleo na kuukosa mzizi kabisa. Umeme unapofunguliwa, kinachoungua ni nyama isiyo na hatia, na unywele huendelea kuishi. Ndiyo maana mafundi wenye ujuzi hupendelea ile namna ya kwanza au ya mchanganyiko kwa nywele zilizopinda, kwa kuwa yale magadi ni majimaji na huweza kutambaa kufuata kona ambayo sindano haiwezi kuifuata. Tatizo ni kwamba namna hiyo huchukua muda mrefu kwa kila unywele. Kwa hiyo mwanamke mwenye nywele kama zetu ana haja kubwa zaidi ya kutulizwa maumivu kuliko yule wa Ulaya, ambaye vitabu vingi vya kazi hii viliandikwa kwa kumfikiria yeye.

Utayatambuaje maumivu yasiyo ya kawaida? Sindano inapoingia hupaswi kusikia kitu ila mguso mdogo. Ukisikia mchomo mkali hata kabla ya umeme kufunguliwa, sindano haikufuata njia. Na ukiona damu, usiambiwe ni kawaida, imetoboa. Ukisikia moto juu ya ngozi badala ya ndani, sindano haikuzama vya kutosha, na joto linaachiliwa juu mno. Hilo ndilo linaloacha madoa meusi, na kwa wale ambao ngozi zao hufanya makovu ya kuvimba, yaani keloidi, laweza kuacha alama ya maisha. Halafu kuna kipimo ambacho natamani ningekijua siku ile: baada ya umeme, unywele unaposhikwa na kikoleo unapaswa kuteleza na kutoka wenyewe, bila kuvutwa. Ukisikia umenyofolewa, ukaruka kitandani kama unanyolewa nyusi, basi unywele huo haukufa. Umeng'olewa tu, nao utarudi, nawe umelipia sindano kwa kazi ambayo ungeifanya nyumbani kwa kikoleo cha shilingi hamsini.

Unaona basi, maumivu yako ni kipimo ambacho fundi hana kwenye mashine yake. Akikwambia unyamaze, amejifumba macho mwenyewe.

Tuje kwenye maandalizi, ambayo huanza nyumbani. Usinyofoe nywele wala kutumia nta au uzi kwa wiki kadhaa kabla ya kwenda. Kunyofoa huzidi kukipinda kinyweleo, na isitoshe, sindano haina pa kuingilia ikiwa unywele haupo. Wembe hauna madhara ya aina hiyo. Wengine hata huambiwa wanyoe siku mbili tatu kabla ili zile zitakazochomoza ziwe ndizo zinazokua, kwa kuwa unywele ulio katika hatua ya kukua ndio unaokufa vizuri. Hii pia ndiyo sababu kazi haiishi kwa siku moja. Nywele haziamki zote pamoja, na uso mmoja waweza kuhitaji kurudiwa kwa mwaka mzima au zaidi. Fundi anayekuahidi kwamba atakumaliza kwa vikao vitatu anauza ndoto.

Nenda ukiwa umelala vya kutosha usiku na umekula. Mtu mwenye njaa na usingizi huumia upesi. Kunywa maji, punguza kahawa siku hiyo, na kama unaweza kuchagua siku, epuka zile zinazokaribia hedhi na zile za hedhi yenyewe. Wanawake wengi husema ngozi zao huwa nyepesi kuumia wakati huo, na sioni sababu ya kubishana nao.

Kuhusu vidonge, vile vya kawaida vyatosha. Mtu mzima mwenye afya aweza kumeza parasetamoli mbili za miligramu 500 kama saa moja kabla. Asizidishe nane kwa saa 24, na akumbuke kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo asije akaijumlisha bila kujua. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula husaidia pia, na wengine huiona bora kwa kuwa hupunguza uvimbe. Lakini ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo, mwenye pumu inayochochewa na dawa za jamii hiyo, wala mjamzito. Aspirini iache, kwani hufanya damu itoke kwa urahisi na kuacha michubuko. Na nimesikia wapo wanaonunua tramadoli kwenye vibanda kabla ya kwenda saluni. Jamani! Hiyo ni dawa ya maumivu makubwa inayotolewa na daktari, ni dawa inayotawala watu, na si ya kumezea kidevu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniogopesha kuliko yote, nalo ni krimu za ganzi.

Krimu ya ganzi ni kitu kizuri kikitumiwa sawasawa. Ile ijulikanayo sana kwa jina la EMLA ina lidokeini asilimia 2.5 na prilokeini asilimia 2.5. Hupakwa kwa tabaka nene mahali padogo, pakafunikwa kwa bandeji ya plastiki inayokuja nayo, ikaachwa yapata saa moja, kisha ikafutwa kabisa kabla ya kazi kuanza. Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Hupaka wakiwa kwenye matatu, wakafika saluni dakika kumi baadaye, wakaona haifanyi kazi, wakaongeza. Tatizo halikuwa uchache wa krimu, bali uchache wa subira.

Lakini kosa la kuongeza si la kuchekwa. Dawa inayopakwa kwenye ngozi haibaki kwenye ngozi. Huingia mwilini, ikafika kwenye damu, moyoni na kwenye ubongo. Mnamo Februari 2007 shirika la Marekani linalosimamia chakula na dawa, FDA, lilitoa onyo kwa umma baada ya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25, kufariki. Walikuwa wanakwenda kuondolewa nywele za miguu kwa leza. Walijipaka krimu za ganzi zilizotengenezwa na maduka ya dawa, zenye kiasi kikubwa cha lidokeini na tetrakeini, kisha wakaizungushia miguu plastiki ile ya kufungia chakula ili dawa izame vizuri. Wakashikwa na kifafa, wakazirai, wakafa. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wasichana walioogopa kuumia.

Mwezi wa Machi 2024 shirika hilohilo lilirudi tena kuonya kuhusu krimu zinazouzwa kwa watu wanaokwenda kuondolewa nywele au kuchorwa chale, ambazo lidokeini yake imezidi asilimia 4, kiasi ambacho ndicho kikomo cha dawa ya kununuliwa bila cheti cha daktari nchini humo. Hivyo, baada ya miaka 17, biashara ile ilikuwa bado inaendelea.

Je, hapa kwetu? Nenda kwenye maduka ya vipodozi ya katikati ya jiji ukaangalie. Utaonyeshwa vichupa vyenye maandishi ya lugha usizozielewa, vikijigamba kwa asilimia kubwa, na muuzaji atakwambia kubwa ndiyo bora. Rai yangu ni moja: krimu ya ganzi inunuliwe kwa mfamasia, ikiwa na jina la dawa na kiasi chake kimeandikwa, na si kwa muuza rangi ya midomo. Ikiwa chupa haisemi kilichomo, iache rafuni.

Ukiisha kuipata iliyo halali, ipake mahali utakapofanyiwa kazi siku hiyo tu, sio uso mzima. Usiipake kwenye ngozi iliyochubuka au yenye vipele vilivyopasuka, kwani hapo huingia mwilini kwa kasi. Usiipashe joto. Usizungushe plastiki ya jikoni. Iepushe na macho na midomo, na mtoto mchanga asikuegemee shavuni wakati imepakwa. Ukianza kusikia mlio masikioni, ladha ya chuma mdomoni, ulimi kufa ganzi, kizunguzungu au mwili kutetemeka, ifute mara moja na ukimbizwe hospitalini. Prilokeini na benzokeini zina hatari nyingine ya kuizuia damu isibebe hewa vizuri. Vitabu husema mgonjwa hugeuka rangi ya buluu. Kwa ngozi nyeusi, tazama kucha, midomo na ufizi.

Kuna njia nyingine kwa wenye uwezo, nayo ni kudungwa ganzi na daktari au daktari wa meno, hasa kwa mdomo wa juu. Hiyo huondoa maumivu yote. Ila ukumbuke yale niliyosema juu ya kengele: ukiwa umekufa ganzi kabisa huwezi kumwambia fundi kwamba anakuunguza. Kwa hiyo ganzi ya namna hiyo impate tu mtu ambaye fundi wake amekwisha kuthibitika.

Njia zisizo na gharama nazo zisidharauliwe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, ikawekwa dakika chache kabla na baada, hutuliza sana. Kuminya au kusugua ngozi kando ya mahali panapochomwa pia husaidia, na hili si ushirikina. Mwaka wa 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango ambalo habari za maumivu hupitia kwenda ubongoni, na habari za mguso zaweza kulifunga lango hilo kwa kiasi. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti hulisugua kabla hata ya kulia. Basi fundi mwema huikaza ngozi kwa kidole chake karibu na sindano. Nawe toa pumzi polepole wakati umeme unapopita badala ya kuizuia kifuani. Sikiliza muziki, zungumza, simulia habari za shemeji yako. Lolote litakaloipeleka akili kwingine.

Mpango wa kazi nao una maana. Mdomo wa juu, hasa chini ya pua katikati, ndiko kunakouma zaidi. Macho hulia yenyewe na mtu hupiga chafya. Kidevu na mashavu ni nafuu. Kwa mtu anayeanza, sioni haja ya kuanzia pabaya. Aanze kidevuni kwa robo saa tu, aone. Fundi asichome nywele zinazofuatana sehemu moja kama anayepanda mahindi, bali aruke ruke ili kila sehemu ipate kupoa. Hilo pia huilinda ngozi isipate makovu.

Na kabla hujalala, uliza. Uliza sindano ni mpya? Ifunguliwe kutoka kwenye pakiti mbele ya macho yako. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na kufuta sindano kwa pamba yenye spiriti si kuisafisha. Uliza anatumia namna ipi kati ya zile tatu. Mwambie kama una keloidi, kama una mimba, na kama una mashine ya kuusaidia moyo kifuani, kwa sababu mwenye mashine hiyo hapaswi kuguswa na umeme huu bila idhini ya daktari wake. Kisha mwambie hivi: “Nikiinua mkono, simama.” Jinsi atakavyokujibu hapo itakueleza mengi kuliko vyeti vilivyotundikwa ukutani.

Baada ya kazi, wekundu, uvimbe mdogo na ngozi kuwasha kwa siku moja au mbili ni kawaida. Pozesha, usipake poda wala vipodozi siku hiyo, jikinge na jua, na vigaga vikitokea usivibandue. Alovera safi huwasaidia wengi. Ukiona usaha au ukapata homa, hiyo si kazi ya saluni tena. Na wale wanaokimbilia mkorogo ili kufuta madoa, wanaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kabla ya sindano yoyote, kuna wanaopaswa kumwona daktari kwanza. Mwanamke ambaye hedhi yake inaruka miezi, amenenepa na anatoka chunusi pamoja na ndevu, huenda ana tatizo la homoni na ovari lijulikanalo kama PCOS. Lina dawa, na bila dawa hiyo nywele mpya zitaendelea kuzaliwa nyuma ya sindano. Zikiota kwa ghafla katika muda wa miezi michache, na sauti ikaanza kuwa nzito, asikawie, kwa kuwa hapo huenda kuna uvimbe ndani unaozalisha homoni za kiume.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nisiwaelekeze kwenye leza, yaishe. Leza hufuata rangi nyeusi. Haiuoni unywele mweupe, na sisi wenye umri huu tunazo nyeupe kidevuni. Kwa ngozi nyeusi leza isiyofaa huunguza ngozi yenyewe, na hata ile inayofaa huhesabiwa na FDA kuwa hupunguza nywele kwa kudumu, ilhali elektrolisisi ndiyo huhesabiwa kuziondoa kwa kudumu. Sindano basi ina kazi yake, na itaendelea kuwa nayo.

Ninacholalamikia ni mafunzo. Katika jimbo la California, mtu hapewi leseni ya kazi hii kabla ya kusomea saa 600 na kupasi mtihani. Hapa kwetu mteja hana njia rahisi ya kumtofautisha aliyefunzwa kikamilifu na aliyeonyeshwa mashine Jumamosi moja na aliyemwuzia. Wote huvaa koti jeupe. Ningetamani kila shule ya urembo inayofundisha sindano hii imlaze kwanza mwanafunzi mwenyewe kitandani, achomwe mdomo wa juu kwa dakika kumi. Sidhani angemaliza mafunzo na kwenda kumwambia mtu avumilie.

Nilikaa karibu mwaka mmoja kabla ya kujaribu tena. Mara ya pili nilikwenda kwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani minene na maneno machache. Nilikuwa nimepaka krimu saa moja na nusu kabla na nimemeza parasetamoli zangu mbili. Alifungua pakiti ya sindano mbele yangu, akachoma nywele tatu tu, akasimama. Akaniuliza, “Unaisikia wapi, juu au ndani?” Nikamwambia juu. Akasema pole, akarekebisha mkono na kupunguza umeme, akaendelea. Ya nne niliisikia ndani, kama mwasho wa upupu uliokuja na kuondoka. Alipoushika unywele kwa kikoleo, niligundua umekwisha kutoka pale aliponionyesha kwenye pamba.